Matairi Makubwa ya Mjomba

Ndugu msomaji, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeyaficha yangu kwa muda mrefu, na leo nayatoa hapa mbele ya walimu na wenzangu, mnihukumu mtakavyo. Kisa chenyewe ni cha pikapu moja, matairi manne, na hesabu niliyoifanya yote lakini nikaisema nusu.

Wanafunzi wanaotoka Usenge wanaijua pikapu ya mjomba wangu. Ni Toyota Hilux nyeupe, ingawa weupe wenyewe umebaki kwenye paa tu. Imenizidi umri kwa miaka mingi. Ni ile ya kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Yale ya mbele kazi yake ni kufuata usukani basi. Nimesoma kwamba Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka wa 1968, na kwamba Hilux ya kuvuta kwa magurudumu manne haikuja mpaka mwaka wa 1979. Kwa hiyo gari la mjomba si kilema. Ukoo wake ulianza hivyo hivyo.

Kazi yake ni kubeba omena. Wakina mama hununua omena ufuoni, huianika juani kwenye nyavu kuukuu, huitia magunia, kisha mjomba huichukua hadi Bondo au Kisumu. Mama yangu ni mmoja wa wakina mama hao, na mjomba ni mdogo wake wa kufuatana. Siku za Jumamosi mimi huwa utingo. Nafunga kamba, nahesabu magunia, nashuka kusukuma inapobidi. Na ilikuwa inabidi mara nyingi.

Barabara ya lami haina neno. Shida ni zile njia za kuteremka ufuoni, Uhanya na Wichlum. Tangu ziwa lilipofurika mwaka wa 2020 likameza sehemu za ufuo, baadhi ya njia tulizozizoea zilihama zikapita kwenye mashamba, na huko udongo ni mweusi, ule wa kunata ambao madereva huuita blakikotoni. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji. Ukipata mvua ya nusu saa unageuka uji. Malori na matrekta yamechimba mifereji miwili mirefu, na katikati limebaki tuta. Pikapu ikiingia humo, difu yake, lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, hulikwaruza tuta hadi gari likakaa juu yake kama kuku aliyelalia mayai.

Wenzangu darasani walikuwa wameipa pikapu yetu jina. Waliiita Kobe. Kila Jumatatu asubuhi kuna kijana mmoja aliyezoea kuniuliza kwa sauti, "Kobe amelala wapi jana?" Darasa zima linacheka. Nami nilikuwa nacheka pia, lakini moyoni nilikuwa nachomeka.

Siku moja tulikuwa kwa fundi wa jua kali, chini ya mwembe. Fundi akatoka chini ya gari, akajifuta mikono, akasema, "Mkubwa, hii gari yako iko chini sana. Weka tairi kubwa uone kama itakwama tena."

Mjomba akauliza, "Si niongeze springi tu?"

"Springi itainua bodi. Difu itabaki pale pale, kwa sababu inabebwa na magurudumu. Ukitaka difu ipande ni lazima tairi ipande."

Hapo fundi alisema kweli, wala simlaumu. Wazo la pili la mjomba lilikuwa kuazima rimu za Hilux ya magurudumu manne, lakini fundi akamwonyesha kwamba hazingii: gari letu lina nati tano kwa kila gurudumu, na lile la magurudumu manne la rika lake lina sita. Basi ikabidi tairi pana zaidi juu ya rimu zile zile za inchi 14. Tulikuwa na 185R14C. Fundi akapendekeza 205R14C.

Mjomba akanigeukia. Yeye huniita okewo, yaani mtoto wa dada. "Okewo, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Piga hesabu utuambie kama inafaa."

Ndugu msomaji, hakuna aliyewahi kuniuliza swali kubwa kama hilo. Nilienda nyumbani nikachukua daftari. Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 650, na lile kubwa 686. Tofauti ni 36. Lakini gari hupanda kwa nusu ya kipenyo, kwa hiyo difu itapanda milimita 18. Nikaendelea: kila mzunguko mmoja gari litasonga zaidi kwa sehemu tano na nusu katika mia. Kipima mwendo hakijui kwamba tairi limebadilishwa, kwa hiyo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo wa kweli utakuwa kama 84. Hayo yote niliyaandika vizuri, nikayapigia mstari.

Kisha nikageuza ukurasa. Tulikuwa tumesoma momenti katika Fizikia, na kwa hiyo nilijua kwamba injini huzungusha ekseli kwa nguvu ile ile, tairi liwe kubwa au dogo. Ukirefusha umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi chini, ile nguvu ya kusukuma ardhi inapungua. Ni kama kusukuma mlango ukiwa umeshika karibu na bawaba. Nikagawanya 325 kwa 343. Jibu lilikuwa kwamba gari litapoteza sehemu tano hivi katika mia za nguvu yake ya kusukuma. Na lile lilikuwa gari zee, lenye kubeba karibu tani moja, kwenye matope.

Nilikaa nikiutazama ukurasa ule. Taa ilikuwa inafifia. Nikamfikiria yule kijana wa Kobe. Nikajiona nimeketi mbele, gari liko juu, linapita mbele ya lango la shule. Nikaurarua ukurasa, nikaukunja mara nne, nikautia ndani ya kamusi.

Asubuhi nilimwambia mjomba, "Difu itapanda milimita 18. Inafaa."

Zamani matairi mengi tuliyoyatumia Kenya yalitengenezwa Nairobi, na kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1969 kwa jina la Firestone East Africa, ambayo baadaye ikawa Sameer Africa. Kiwanda hicho kilisimamisha kazi mwaka wa 2016, na siku hizi matairi mengi hutoka nje. Mapya yalimshinda mjomba bei. Alipata manne yaliyotumika, Kisumu, kwa shilingi 6,000 kila moja. Yeye alikuwa na 14,000 tu. Zile 10,000 zilizobaki zilitoka kwa mama. Ndani yake mlikuwa na mtaji wa omena na pesa zangu za chakula cha mchana za muhula ule. Mama hakuuliza mengi. Alisema tu, "Kama mtoto amepiga hesabu, basi sawa."

Majuma ya kwanza yalikuwa ya raha. Pikapu ilisimama kama jogoo. Ilipita juu ya tuta bila kukwaruza. Nilipita mbele ya shule nimeketi dirishani, na yule kijana wa Kobe akapiga mluzi. Ndugu msomaji, nilivimba kichwa.

Lakini dalili zilikuwepo. Usukani ukikatwa hadi mwisho, matairi ya mbele yalisugua madigadi, kwi-kwi-kwi, mpaka fundi akaipiga kingo yake kwa nyundo. Penye mlima mdogo ambapo zamani tulipanda na gia ya pili, sasa mjomba alirudi gia ya kwanza, na klachi ilianza kutoa harufu ya kuungua. Mjomba alisema ni mafuta mabaya. Mimi nilijua si mafuta. Nikanyamaza.

Mjomba alipenda sana kumtaja Joginder Singh, yule dereva Mkenya aliyeshinda Safari Rally mara tatu, mwaka wa 1965, 1974 na 1976. "Na magari yake yote yalikuwa ya magurudumu mawili," mjomba alikuwa akisema huku akipiga usukani. "Sasa mimi na matairi haya nani atanisimamisha?"

Mwenye kujua Ziwa Victoria anajua kwamba uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe mosi Aprili mpaka mwisho wa Julai, ili samaki wazaane. Kwa hiyo juma la mwisho la Machi ni kama sikukuu na vita kwa pamoja. Kila mama anataka apate gunia la mwisho la kumvusha miezi minne. Ilikuwa Ijumaa ya juma hilo, mwaka jana, nikiwa kidato cha pili. Tulipakia Wichlum magunia 25. Kumi na moja yalikuwa ya mama. Mnunuzi alikuwa anatungoja Kisumu kabla ya jua kuchomoza.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya ziwa tangu saa tisa. Tulipofunga kamba ya mwisho matone ya kwanza yakaanguka, makubwa kama shilingi. Mjomba akasema, "Twende kabla haijakolea." Tulikuwa tumekwenda mwendo wa kama dakika kumi, na mvua ikawa inamwagwa kwa ndoo.

Gari lilianza kucheza matako. Mjomba akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, kisha ikachoka, kisha tukasimama. Nilishuka nikaangalia nyuma. Gurudumu la kushoto lilikuwa linazunguka kama pia, linarusha matope hadi kwenye magunia. La kulia lilikuwa limetulia kabisa kama mgeni anayengoja chai. Meno ya tairi, ambayo yalikuwa ya barabara ya lami, yalikuwa yamejaa udongo hadi tairi likawa laini kama chapati. Kila mjomba alipokanyaga, lilijichimbia shimo. Zile milimita 18 nilizozipigia mstari kwenye daftari zilikwisha kwa dakika mbili. Difu ikakaa chini.

Baadaye mwalimu wetu wa Fizikia alinieleza sababu. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili nguvu sawa sawa. Likitokea moja halina mshiko, haliwezi kupokea nguvu, linateleza tu. Basi na mwenzake hupewa kile kidogo kidogo alichopokea yeye. Kwa hiyo gari la magurudumu mawili likikwama, mara nyingi linasukumwa na gurudumu moja, na hilo moja ndilo liko kwenye shimo. Tairi kubwa haliondoi jambo hilo. Linalibeba tu juu zaidi.

Turubai letu lilikuwa na tundu tulilokuwa tumelisahau tangu kiangazi. Maji yakaanza kuingia. Saa mbili usiku nikaona mwanga wa simu unakuja kwenye mvua. Alikuwa mama. Alikuwa amesikia kwa watu. Hakusema neno. Alipanda juu ya gari, akafungua leso yake kiunoni, akaitandaza juu ya lile tundu, akaikalia ili upepo usiichukue. Akakaa hapo, mvua inampiga kichwani, analinda magunia kumi na moja kwa leso moja. Hilo ndilo jambo ambalo sijaweza kulisahau.

Mjomba alitaka kuendelea kukanyaga mafuta. Akatokea mzee mmoja wa jirani, aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu. Mjomba akamwambia, "Jaduong', tusaidie."

"Zima gari kwanza," mzee akasema. "Unachimba kaburi."

Mjomba kwa aibu akaanza kumweleza habari za matairi yake, na jina la Joginder likamponyoka tena. Mzee akacheka. "Kijana wangu, Joginder hakuwa amebeba magunia 25 ya omena."

Akatupanga kazi. Kwanza tushushe nusu ya magunia tuyaweke juu ya mawe, tuyafunike na turubai. Pili tuchimbe udongo mbele ya magurudumu na chini ya difu. Tatu tukate matete tuyatandaze. Jambo la nne lilinishangaza. Akachukua kijiti, akakiweka kwenye valvu ya tairi la nyuma, akaanza kutoa upepo.

"Jaduong', si tutaharibu?" mjomba akauliza.

"Umeyajaza yakawa mawe. Jiwe likiwekwa kwenye uji linafanya nini?"

Akatoa upepo mpaka tumbo la tairi likaonekana limelala chini. Kisha akamwambia mjomba atie gia ya pili, aachie klachi polepole, asikanyage sana. Tulisukuma wote, hata mama. Gari likatetemeka, matete yakalia, likapanda. Ilikuwa saa tisa usiku. Mzee akatuonya tuyajaze matairi tena kabla ya kufika lami, maana tairi legevu likikimbizwa na mzigo hupata moto likapasuka. Tulijaza kwa pampu ya mguu, kwa zamu, hadi miguu ikafa ganzi.

Nilipoipeleka habari hiyo kwa mwalimu, alichora ubaoni. Tuseme gurudumu moja limebeba uzito wa nyutoni 6,000. Upepo ukiwa na kanieneo ya kilopaskali 400, tairi hugusa ardhi kwa eneo kama la sentimita za mraba 150, yaani nusu ukurasa wa daftari dogo. Ukipunguza upepo ufike 200, eneo huwa 300, ukurasa mzima. Ni hesabu ya kukadiria tu, kwa sababu mpira wenyewe nao hubeba kidogo, lakini somo ni wazi. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo kule Belfast, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, aligundua kwamba kinachobeba safari ni upepo. Sisi tulikuwa tumetumia shilingi 24,000 kwa mpira, na dawa tuliyoihitaji usiku ule ilitoka kwa kijiti cha bure.

Tulifika Kisumu jua limeshapanda. Katika magunia kumi na moja ya mama, saba yalikuwa yameloa. Omena iliyokauka ikiloa tena hunuka na kuota ukungu. Mnunuzi aliitazama, akatikisa kichwa. Ilibidi mama aiuze kwa bei ya chakula cha kuku. Na siku chache baadaye uvuvi ukafungwa.

Miezi ile minne mama alichoma mandazi. Muhula wa pili jina langu halikuwa kwenye orodha ya chakula cha mchana. Wenzangu walipokwenda kupanga foleni ya githeri, mimi nilibaki darasani najifanya nasoma. Siku ya tatu, yule kijana wa Kobe alikuja na sahani, akakaa karibu nami, akasukuma kijiko upande wangu. Hakusema kitu, na tangu siku hiyo hajataja Kobe tena. Tulikula sahani moja muhula mzima.

Nilishindwa kuendelea kunyamaza. Likizo ya Agosti ilipofika nilitoa ule ukurasa kwenye kamusi, nikampelekea mama akiwa anakanda unga. Nikamweleza yote: zile tano katika mia, na sababu iliyonifanya nizifiche.

Mama akauliza, "Ni hizo tano ndizo zilizotukwamisha?"

Nikafikiri kabla ya kujibu, maana nilikuwa nimeahidi kusema kweli. "Hapana, mama. Matope yale yangetukwamisha hata na matairi ya zamani. Lakini ningesema, mjomba angefikiri mara mbili, na pesa zako zingebaki."

Akaendelea kukanda. Kisha akasema, "Basi nenda umwambie mjomba wako. Mwenye gari ni yeye. Mimi ulinikosea pesa. Yeye ulimkosea macho. Alikutuma uone kwa niaba yake."

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanifukuza utingo. Alikaa kimya, akachukua kalamu akanipa. "Okewo, sasa piga yote. Ya kupenda na ya kutopenda."

Tulikaa chini ya mwembe, mimi, yeye na fundi. Tuliandika pande mbili. Tairi la 195R14C lina kipenyo cha milimita 666: difu inapanda milimita 8 tu, lakini nguvu inapotea sehemu mbili na nusu katika mia, na haligusi madigadi. Mjomba aliyabadilisha yale makubwa, akapata hasara, akachukua hayo, na ya nyuma akachagua yenye meno mapana ya matope. Sasa nyuma ya kiti kuna jembe, pampu, mbao mbili na turubai lisilo na tundu. Na mvua ikianza, mjomba hungoja. Bado tunakwama mara moja moja. Hakuna tairi la kuifanya gari ya magurudumu mawili iwe ya manne.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu sisi ndio wa kwanza nyumbani kufika kidato cha tatu. Wazazi wanatuuliza habari za dawa, za mbolea, za mikataba, za matairi. Wanaamini daftari zetu kuliko tunavyoziamini wenyewe. Ukiulizwa, sema na ukurasa wa pili. Ule niliourarua bado ninao. Nimeubandika kwa gundi mahali pake kwenye daftari, na mikunjo yake minne inaonekana.